Kitabu cha Tatu

(Maneno haya niliyasema kwenye mafunzo ya walimu wa Kiswahili wa sekondari wilayani kwetu. Wenzangu waliokosa kufika waliniomba niyaandike, nami nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni.)

Walimu wenzangu, hamjambo. Wakubwa zangu mliokaa mbele, shikamooni. Nimepewa nusu saa, na mratibu ameshika saa yake pale, kwa hiyo salamu nyingine tutapeana kwenye chai.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nasahihisha mtihani wa moko, ule wa majaribio kabla ya mtihani wa taifa, wa kidato cha nne. Nikafika kwenye karatasi ya binti mmoja, mwandiko wake kama umepigwa chapa. Swali la riwaya amelijibu kwa hoja sita, tatu za kitabu cha kwanza na tatu za cha pili, kila hoja na mfano wake. Utangulizi upo, hitimisho lipo. Nikampa alama zote ila moja, ile tunayoibana ili mtoto asijisahau. Kesho yake nikamwita nimpongeze. Katika kuzungumza nikamuuliza, hivi Sekai alipofika kwenye kile kijiji cha ugenini, wewe ulidhani watampokea? Akaniangalia muda mrefu. Kisha akauliza kwa adabu kabisa, "Madam, Sekai ndiye yule mwanamume?"

Mnacheka. Mimi siku ile sikucheka. Sekai ndiye mama wa Takadini, kwenye riwaya yenye jina hilo, ndiye anayekimbia na mtoto mgongoni, na ukimwondoa yeye hakuna riwaya. Binti hakuwahi kukishika kitabu. Alikuwa na desa la kaka yake, yaani yale majibu ya kunakili na kukariri, na kaka yake alilipata kwa mtu aliyemtangulia. Nikamwomba anionyeshe. Mle ndani nikakuta sentensi zangu, nilizoziandika ubaoni miaka mitano nyuma, pamoja na kosa langu moja la tahajia ambalo vizazi vyote hivyo walikuwa wamelinakili kwa uaminifu. Yaani nilikuwa nimejisahihisha mwenyewe, nikajipa alama nzuri.

Nilitafuta wa kumlaumu. Nikalaumu simu, nikalaumu wazazi, nikalaumu vile vijitabu vya uchambuzi vinavyouzwa stendi karibu na karanga. Mwisho nikabaki na daftari langu la maandalizi. Humo somo la fasihi lilikuwa limepangwa hivi: Jumatatu dhamira, Jumanne ujumbe na migogoro, Jumatano falsafa na msimamo, Alhamisi fani. Hapakuwa na siku ya kusoma kitabu. Sasa mtoto asome ili iweje? Nimemtuma dukani na karatasi ya mahitaji, na njiani kuna mtu anayeuza vitu vyote vya kwenye karatasi vikiwa vimeshafungwa kwenye mfuko.

Kuna jambo lilikuwa mbele ya macho yangu muda wote huo. Kwa miaka mingi orodha ya vitabu vya fasihi vya kidato cha tatu na cha nne imekuwa na vitabu 3 katika kila utanzu. Diwani 3, riwaya 3, tamthiliya 3. Na swali la mtihani linataka 2. Chukueni riwaya: Takadini, Watoto wa Mama N'tilie, Joka la Mdimu. Karatasi inasema tumia mbili kati ya hizo. Nani anazichagua hizo mbili?

Naomba mnyooshe mikono. Nani hapa amewahi kuwauliza wanafunzi wake?

(Mikono miwili ilinyooshwa. Mmoja ulishuka.)

Ahsanteni kwa ukweli. Mimi nilichagua mwaka wangu wa kwanza kazini, kwa sababu hizo ndizo zilizokuwa stoo, na sikuwaza tena kwa miaka kumi na zaidi. Kwa hiyo uchaguzi upo. Aliyetunga mtihani ameuacha mlango wazi, mwalimu ndiye anayekwenda kuufunga halafu anasimama ofisini kulalamika kwamba mtihani unambana. Kitabu cha tatu ni cha mwanafunzi, sisi tumekikalia.

Baada ya ile aibu nilianza na tranka. Tranka la bati, lile lile la bweni, kufuli lake halifanyi kazi. Nikaweka humo chochote kilichoandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza nilichoweza kuomba. Nilipohesabu vilikuwa 34. Riwaya chache, diwani mbili, majarida ya zamani, vitabu vya hadithi vya shule ya msingi, kitabu cha mapishi kilichopoteza kurasa za pilau, utenzi, kijitabu cha sheria ya ardhi, na kimoja cha ufugaji wa kuku wa kienyeji. Darasa langu lilikuwa na wanafunzi 63. Ijumaa nina vipindi viwili mfululizo, dakika 80, nikaamua 40 za mwisho ni za tranka. Wanakuja kwa safu, anachukua anachotaka, wanakaa wawili wawili kwa sababu hesabu ndiyo ilivyotaka, na masharti yalikuwa machache. Soma kurasa kumi. Kama haziingii, rudisha, wala usinipe sababu. Kama zinaingia, endelea, ila kabla kengele haijalia mwambie mtu mmoja ambaye hakukisoma jambo moja ulilolikuta.

Hilo la kurudisha bila sababu lilinipa shida kuliko yote. Nimelelewa kwamba kitabu ukikianza unakimaliza, kama sahani ya ugenini. Lakini nyinyi mkienda kwa muuza magazeti pale stendi hamuombwi sababu. Mnasimama, mnasoma vichwa vya habari vyote bure, mnabishana na msiowajua kuhusu Simba na Yanga, na siku ile mnanunua moja au hamnunui. Huo ni usomaji, na ni usomaji mzuri, na watoto wetu wanautazama kila siku wakienda shule. Wakifika darasani tunawaambia kusoma ni kitu kingine.

Sasa kuna kijana mmoja alichukua kile cha kuku. Ijumaa ya kwanza, kuku. Ya pili, kuku. Ya tatu nikamfuata nimpe riwaya, kwa ule upole wetu wa walimu ambao kwa kweli ni amri. Akasema, "Madam, sijamaliza." Kitabu kina kurasa hamsini! Nikajizuia, nikakaa, nikamuuliza amefika wapi. Alikuwa kwenye mdondo, ule ugonjwa unaomaliza kuku. Kitabu kinasema kuku wachanjwe, tone moja la dawa jichoni, na warudiwe kila baada ya miezi 3. Nyumbani bibi yake anawapa maji ya shubiri na pilipili. Na bibi anafuga tangu kabla mama yake hajazaliwa. "Sasa Madam," akaniuliza, "aliyeandika hapa amejuaje?"

Nimefundisha uhakiki miaka 20 na zaidi, na sijawahi kupata swali la uhakiki lililonyooka hivyo. Nikamwomba alisome darasani. Kipindi kizima kikateketea. Mmoja akasema bibi ana uzoefu. Mwingine akajibu, uzoefu wa kuku wangapi? Binti wa nyuma kabisa, ambaye tangu kidato cha kwanza sauti yake naisikia wakati wa kuita majina tu, akauliza dawa ya jichoni inafikaje kwenye ugonjwa wa tumboni na shingoni. Hakuna aliyejua. Mimi pia sikujua. Wakamwendea mwalimu wa Baiolojia kwa miguu yao, wanne, bila kutumwa. Jumatatu walirudi na jibu, na kijana akaongeza la kwake, kwamba ameligundua tatizo la kitabu: kinamwambia mfugaji anunue chanjo lakini hakisemi afanyeje akikuta chupa moja ni ya kuku mia na yeye ana wanane. Mwandishi, alisema, hamjui bibi yangu. Ningemwambia aandike hiyo kama hoja ya "kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi", angepata alama zote, na asingekuwa na desa la kunakili.

Najua wapo wanaosema kuku si fasihi. Sawa. Tumbakishe kuku nje kidogo, turudi kwenye Takadini, maana njia ya kujadili ni ile ile.

Maswali yetu mengi darasani si maswali. "Tumeelewana?" "Ndiyooo." "Kweli si kweli?" "Kweliii." Au lile la kukata neno katikati, "Mwandishi anatuonyesha unyanya...?" na darasa zima linamalizia "...paa!" Ni kiitikio, kama kwaya. Swali la kweli ni lile ambalo muulizaji naye anasubiri jibu. Niliwauliza hivi: mila za kijiji zinataka mtoto aliyezaliwa na ualbino auawe. Sekai anaondoka na mwanawe usiku, hamwambii mumewe. Je, ungekuwa wewe ungemwambia?

Kisha nikanyamaza. Jamani, kunyamaza ni kazi. Nilihesabu moyoni hadi kumi, nikafika kumi, nikaanza tena. Mwalimu aliyezoea kusema, kimya cha darasa humwasha kama upupu. Nilishika chaki kwa nguvu hadi ikakatika. Ndipo mvulana mmoja akasema angemwambia, kwa sababu mtoto ni wa wote wawili. Binti akamgeukia yeye, hakunigeukia mimi: "Na akikataa, utakuwa umeshasema. Unarudishaje maneno?" Mvulana akasema basi humpendi mumeo. Binti akasema nampenda mwanangu. Na hapo wakafungua kitabu, kutafuta kama yule mume aliwahi kuonyesha dalili yoyote kwamba angemtetea mtoto. Walifungua wenyewe! Nakala zilikuwa 11 kwa watu 63, wakakusanyika sita sita kwenye kila kitabu kama watu wanaotazama simu moja.

Hii si habari ngeni kwetu, na hapa naomba wakubwa mniunge mkono. Mama yangu aliishia darasa la nne. Mwaka 1973 alikuwa kiongozi wa kikundi katika kampeni ya Mtu ni Afya. Vijana hamuijui, ngoja niwaeleze. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliandaa vitabu kwa lugha nyepesi, redio ikawa na vipindi vyake, na kwa wiki 12 watu wakakutana kwa vikundi. Wanasikiliza redio, wanasoma sura ya wiki hiyo kwa sauti, anayejua akimsomea asiyejua, halafu wanajadili. Malaria, kichocho, safura, kifua kikuu. Viongozi wa vikundi waliofunzwa walikuwa wapata 75,000, na washiriki walikadiriwa kufikia milioni 2, katika nchi ambayo sensa ya 1967 ilihesabu watu milioni 12 na kidogo. Viongozi walifundishwa kuongoza mazungumzo, hawakufundishwa kuhutubia. Mama aliniambia maagizo aliyoyakumbuka hadi uzeeni yalikuwa mawili: kaa nao kwenye mkeka, na ukishauliza funga mdomo. Kikao kilimalizika kwa azimio la nini kifanyike, na vyoo vilichimbwa, vingine vipo hadi leo. Redio waliyoitumia ilikuwa ya mwenyekiti, na betri walichangishana.

Hao ni watu wazima waliokuwa wanajifunza kusoma. Tuliwapa kitabu na mjadala kwa pamoja, tangu siku ya kwanza. Watoto wao na wajukuu zao tunawapa ubao na kalamu. Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alipotaja mambo ambayo shule ijenge ndani ya mtu, la kwanza lilikuwa akili ya kudadisi. Picha yake tumeitundika juu ya ubao, na chini yake tunawaambia watoto kimya.

Lakini nisiwapambie mambo ya zamani. Mada za Mtu ni Afya zilitoka juu. Walijadili kwa uhuru, ila hakuna aliyewauliza wangependa kusoma nini. Mama alinisimulia kuna mzee kwenye kikundi chake kila wiki aliuliza lini kitakuja kitabu cha kesi za mipaka ya mashamba. Hakikuja. Mjadala bila uchaguzi unamfikisha mtu nusu ya njia, na yule mzee alikaa hapo wiki zote 12 akisubiri.

Nimeambiwa mtaniuliza kuhusu wingi wa wanafunzi. Ndiyo, ni wengi, na hawatapungua Jumatatu. Mimi nawaketisha watatu watatu, swali moja, dakika tano, kisha nachukua vikundi vinne tu vya kuzungumza, wengine zamu yao itafika. Kelele zipo. Mkuu wa shule aliwahi kuchungulia dirishani akadhani mwalimu hayupo. Mdhibiti ubora alipokuja nilimwonyesha andalio la somo limeandikwa "majadiliano", akakaa, na kwa bahati mbaya yake kikundi kikamuuliza na yeye angemwambia mume au la. Alijibu. Sitawaambia alijibu nini.

Lingine ni hofu kwamba ukiwapa uhuru watachagua udaku. Watachagua. Mimi mwenyewe nilijifunza kusoma haraka kwa hadithi za kusisimua za magazetini, zile zinazokatika pabaya na kusema "itaendelea wiki ijayo". Kitu chenye matusi sikiweki kwenye tranka, na hapo kazi yangu imeisha. Na wanaochagua kitabu cha Kiingereza, nawaruhusu wakijadili kwa Kiswahili, hata kama ukutani nje kumeandikwa tuzungumze Kiingereza tu. Ukuta haufundishi kipindi changu.

Nililolibakiza kwa makusudi ni la kijana mmoja. Katika darasa lile lile la Takadini alikuwamo mwanafunzi mwenye ualbino. Miaka yote ya dhamira ubaoni sikuwahi kujiuliza mwanafunzi kama yeye anakaaje pale nikiandika "unyanyapaa", hoja ya kwanza. Nilipoanza mijadala ndipo nikamwona, na niseme kweli, nilimwonea uroho. Nilitaka azungumze. Nilijiambia huyu akifungua mdomo darasa litajifunza kitu. Wiki nzima nilikuwa nauliza swali macho yangu yakiangukia upande wake.

Ijumaa alibaki nyuma. Akasema, "Madam, naomba mimi nisisome hiki. Nisome kile kingine." Nikamuuliza kwa nini, nikiwa nimeshasahau sharti langu la kutoomba sababu. Akasema, "Tukisoma hiki wananiangalia mimi, hawaangalii kitabu."

Kwa hiyo akachukua kitabu cha tatu. Wenzake wanne wakasema wanakitaka na wao, sikujua kama ni kwa kukipenda au kwa kumpenda. Joka la Mdimu zilikuwapo stoo nakala 3, moja imeliwa na mchwa pembeni. Wakakaa chini ya mwarobaini, watu watano kwa vitabu vitatu. Na mimi sikuwa na maandalizi yake. Nilikuwa sijakifungua miaka mingi, desa lake sijawahi kuliandika. Nikawaendea nikiwa nimesoma sura moja mbele yao tu, na nikawauliza nisichokijua, kwa sababu sikuwa na kingine cha kuuliza. Yule kijana alizungumza kuliko wote. Alibisha hadi akasimama.

Msidhani baada ya hapo kila kitu kilinyooka. Wapo waliolala kwenye kipindi cha tranka. Wapo waliorudisha kitabu kila Ijumaa hadi muhula ukaisha. Na mwezi mmoja kabla ya moko nikasikia kuna desa jipya linauzwa bwenini, la Joka la Mdimu, shilingi 500. Nikalifuata nikiwa na hasira. Mwandiko ulikuwa wa mmoja wa wale watano. Nikalinunua, nikalisoma usiku ule hadi mwisho. Humo ndani hapakuwa na sentensi yangu hata moja. Palikuwa na mambo ambayo sikuwafundisha, mawili sikubaliani nayo hadi leo, na pembeni ya ukurasa wa nne mtu mwingine, kwa kalamu nyekundu, alikuwa ameandika: "Hapa unakosea, rudi sura ya pili."

Mratibu amesimama, naona. Tranka nimekuja nalo, liko pale mlangoni, nyinyi ni 28 na vitabu vinatosha. Kabla hamjachukua chai kila mmoja achukue kimoja. Kurasa kumi. Visivyoingia mrudishe, sitauliza. Tukirudi tunakaa watatu watatu, na mimi nitakaa nyuma nikiwa nimefunga mdomo. Cha kuku kimo, ila jalada limetoka, kishikeni taratibu.